Tusikiache Kituo cha Kima Kife Kimya

Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila mwalimu apitaye Kima, kituo kidogo cha reli ya zamani katika Kaunti ya Makueni. Magarimoshi ya abiria kati ya Mombasa na Nairobi yalipohamia reli mpya mwaka 2017, Kima na vituo vingi mfano wake viliachwa bila wasafiri. Kwa wengi, hivyo ni vikorokoro vya jana. Kwa mwenye kiu ya elimu, ni kivuno.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Siku hizo palikuwa na simba mla watu aliyewawinda wafanyakazi wa kituo cha Kima. John Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja la Tsavo, asimulia katika kitabu chake cha mwaka 1907 kwamba simba huyo alipanda juu ya paa la kituo akajaribu kung'oa mabati. Karani wa telegrafu, aliyekuwa chini yake akitetemeka, aliwaarifu wakubwa wake kuwa simba anapigana na kituo, akaomba msaada upesi.

Mnamo Juni 1900, afisa wa polisi, Charles Ryall, alifika na wenzake wawili kumwinda mnyama huyo. Walilala ndani ya behewa, Ryall akishika zamu ya kukesha. Simba aliingia, akamuua, akatoka naye dirishani.

Tutafakari basi, wasomaji. Behewa la Ryall limehifadhiwa katika Makavazi ya Reli jijini Nairobi, na jina lake lajulikana. Jina la yule karani Patterson hakuliandika. Vivyo hivyo wamesahauliwa vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli hii, ambao takriban 2,500 kati yao walifariki. Hawa hawana behewa katika makavazi. Kumbukumbu yao ni njia yenyewe na vituo vyake.

Wapo watakaouliza iwapo nchi yenye upungufu wa madarasa na dawa ina fedha za kuhifadhi vituo vikuukuu. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, hatuombi kasri. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 yampa waziri uwezo wa kutangaza jengo la kihistoria kuwa turathi inayolindwa. Itumiwe kabla vyuma havijauzwa kwa kilo.

Nanyi walimu, wapelekeni wanafunzi kwenye kituo cha zamani kilicho karibu nanyi. Wawaulize wazee nani alipiga kengele, nani alibeba mizigo, nani alilinda njia usiku. Kisha wayaandike majina hayo. Ryall ameshaandikwa. Zamu ni ya waliobaki.