Minervali ya Goma: chuo kipi kinastahili fedha za familia

Matokeo ya mtihani wa serikali yakishatoka, familia nyingi za Goma huingia kwenye ubishi mmoja. Mtoto aende UNIGOM, chuo cha leta, yaani cha serikali, au apelekwe kwa Waprotestanti, ULPGL? Au aandikishwe katika moja ya zile taasisi za watu binafsi ambazo vibao vyake vimejaa mjini? Mjomba aliyesoma enzi za Zaïre atasema chuo ni cha serikali, vingine ni biashara. Shangazi mwenye duka Birere atamjibu kwamba kwa Waprotestanti angalau mwaka ukianza unamalizika. Kila mmoja ana hoja, lakini wote wawili wanauliza chuo ni cha nani, na kwa Goma jibu la swali hilo halielezi mengi.

Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zilitangulia kuwa na chuo kikuu cha umma, vya binafsi vikafuata baadaye kuwapokea waliokosa nafasi. Goma ilikwenda kinyume. Mizizi ya ULPGL ni ya mwaka 1985, wakati UNIGOM ilianza katika miaka ya 1990 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, ndipo baadaye ikajitegemea. Sababu iko nyuma zaidi. Mwaka 1971 Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi, yaani Lovanium ya Wakatoliki, kile cha Waprotestanti cha Kisangani na kile cha serikali cha Lubumbashi, vikawa chuo kimoja, UNAZA. Ilipovunjwa mwaka 1981, vikabaki vyuo vikuu vitatu, Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi, na Kivu nzima haikupata hata kimoja. Makanisa ndiyo yaliyoziba pengo. Mwaka 1989 Butembo ilipata Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, na Bukavu ikapata cha kwake cha Kikatoliki mwaka huohuo. Kwa hiyo anayedhani huku kwetu chuo cha binafsi ni kimbilio la walioshindwa amebeba picha ya mji mwingine.

Tuje kwenye pesa. Chuo cha leta nacho kinalipiwa. Kuna ada za masomo, kuna pesa ya kujiandikisha kabla ya kufanya mitihani, kuna silabusi za kununua kwa asistanti, na mwishoni kuna gharama za kuandika na kuchapisha kazi ya kumaliza masomo. Hakuna bodi ya mikopo ya kumbeba mwanafunzi. Tanzania ina yake, HESLB, inayowakopesha hata wanaosoma vyuo vya binafsi vinavyotambuliwa. England ada ya juu ya mwaka ilikuwa pauni 9,535 katika mwaka wa masomo 2025-2026, lakini wengi huikopa serikalini na kuirudisha kidogokidogo kadiri ya mshahara. Kijana wa huko anayejiuliza kama Buckingham inafaa, chuo cha binafsi kilichofunguliwa mwaka 1976 na kinachotoa shahada kwa miaka miwili, hasa anapima atabaki na deni la kiasi gani. Wa Goma hapimi deni. Minervali yake, yaani ada ya masomo, inatoka kwenye maharage ya Masisi, kwenye ng'ombe aliyeuzwa, kwenye mapato ya motari ya siku kwa siku. Inatoka taslimu, na ikikatika, masomo yanakatika pia.

Ndiyo maana sehemu ya kwanza ya malipo hudanganya. Inafaa kujumlisha gharama zote mpaka mwaka wa mwisho, silabusi na usafiri vikiwemo, na kuongeza miezi ambayo mgomo wa maprofesa wa umma unaweza kula. Mwezi wa kukaa Goma bila darasa nao una kodi ya chumba na chakula. Hesabu ikifanywa hivyo, tofauti ya leta na prive mara nyingi hupungua. Mfumo wa LMD umeibadilisha hesabu hiyo pia tangu mwaka wa masomo 2021-2022. Zamani ilikuwa graduat ya miaka mitatu, kisha licence ya miwili. Leo licence yenyewe ni miaka mitatu, na anayetaka zaidi anaendelea na master. Chuo kisicho na master katika fani yako kitakulazimu kuhama mji katikati ya safari, na gharama hiyo haiandikwi kwenye karatasi yoyote ya ada.

Lililo zito zaidi ni nani anasimama mbele ya darasa. Wenye udaktari wa falsafa ni wachache mkoani, kwa hiyo profesa yuleyule hufundisha asubuhi kwa leta na jioni kwa prive. Wengine hutoka Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa, wakamwaga somo zima kwa siku chache, wakaondoka. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa baada ya waasi wa M23 kuuchukua mji mwishoni mwa Januari 2025, utegemezi huo ukageuka tatizo la kila siku. Bila aibu, muulize katibu wa kitivo walimu wangapi wanaishi hapa Goma na wanaajiriwa na chuo chenyewe. Akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Kwa fani za mikono, uliza mahali pa mazoezi. Chuo cha Kiinjili cha Bukavu, UEA, ni cha binafsi, lakini wanafunzi wake wa tiba wana Hospitali ya Panzi, ile ya Denis Mukwege. Hapo neno "binafsi" halipunguzi chochote. Taasisi inayotangaza uhandisi ndani ya vyumba vinne vya kukodi, bila maabara, ni jambo jingine kabisa, na mimi nisingempeleka mtoto hata kama ada ni nusu. Kwa sheria au uchumi ningelegea kidogo, kwa sababu maktaba nzuri na walimu wakali vinatosha.

Kisha kibali. Tanzania, mwaka 2017, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya, na wazazi wengi wakaujua ubora wa chuo kupitia tangazo. Kwetu omba kuona karatasi ya wizara, ukiangalia kama inataja idara unayoitaka. Wanaovuka mpaka wa Petite Barrière kwenda kusoma chuo cha ULK cha Gisenyi, Rwanda, wapate mapema habari za usawazishaji wa diploma kule Kinshasa, na wajipime Kiingereza.

Umiliki una uzito mahali pamoja, na ni sasa: chuo kinapata wapi fedha. Mabenki yalipofunga mjini baada ya M23 kuingia, chuo cha leta kilibaki kikitegemea mshahara wa kutoka Kinshasa, wakati cha binafsi kilibaki kikitegemea familia ambazo nazo zimepoteza kipato. Vyote viwili vinaweza kuyumba. Kwa hiyo kila mwaka unapomalizika, mwanafunzi achukue relevé yake ya alama yenye muhuri na saini, aitunze nje ya chuo, na aweke nakala kwa ndugu aliye mji mwingine.