Je, Wajua? Hekima ya Biblia Ina Jasho la Kazi

Je, wajua kwamba katika kitabu cha Kutoka, anayejazwa hekima ni fundi? Ni Bezaleli, aliyepewa kazi ya kufua dhahabu, kukata vito na kuchonga mbao za Hema la Kukutania. Hata wanawake waliosokota singa za mbuzi wanatajwa kwa hekima yao.

Mithali nayo haikai mbali na soko na shamba. Sura ya 6 inamwambia aliyemdhamini mwenzake deni asilale usingizi, aende akambembeleze mpaka ajinasue (waliowahi kumdhamini mtu mkopo wa SACCOS wanaelewa). Sura ya 11 inakemea mizani ya udanganyifu. Ya 31 inamsifu mwanamke anayekagua shamba, kulinunua, kisha kupanda mizabibu kwa pato lake mwenyewe.

Maarifa hayo yalivuka mipaka. Mwaka 1924 msomi Mjerumani Adolf Erman alionyesha kuwa sehemu inayoanzia Mithali 22:17 inafanana mno na mafundisho ya Amenemope wa Misri ya kale. Maandiko yote mawili yanakataza kusogeza alama ya mpaka wa shamba.