Sweta yenye nyuso mbili: Geuza ndani kabla ya kulipa

BARIDI inapokaribia Njombe, Makete na Mufindi, biashara ya sweta huchangamka. Wazazi hutafuta za shule, wachuma chai hutafuta za kazini, nao wafanyabiashara wadogo huagiza mzigo wa jumla. Wanunuzi wengi hupapasa sweta kwa nje, hutazama rangi, huuliza bei na kulipa. Upande wa ndani hautazamwi, ingawa wakati mwingine umefumwa kwa uzi tofauti kabisa na wa nje.

Ufumaji wa namna hiyo si kasoro. Katika mashine ya sweta, uzi hupita kwenye tundu la kishika uzi ndipo unaswe na sindano. Kikifungwa kishika uzi chenye matundu mawili, nyuzi mbili hufika pamoja kwenye sindano moja, kila moja kwa upande wake. Zote huingia katika kitanzi kimoja, lakini moja hutokeza nje na ya pili hujificha nyuma yake. Soksi nyingi hufumwa hivyo, pamba ikionekana nje na naironi ikiipa nguvu kwa ndani. Hata fulana za kubana ni ndugu wa sweta hizo: nyuzi za Lycra, zilizobuniwa mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont ya Marekani, hulazwa nyuma ya pamba, zikavuta bila kuonekana.

Kwa fundi mwenye mashine moja, faida iko kwenye mizani, kwa kuwa uzi huuzwa kwa uzito. Tuseme sweta inakula gramu 400, na uzi wa sufu unauzwa mara tatu ya bei ya akriliki. Akitumia gramu 200 za sufu kwa nje na gramu 200 za akriliki kwa ndani, gharama ya uzi inapungua kwa theluthi moja, na dukani sweta inaonekana ya sufu.

Hapo ndipo penye mtego. Muuzaji anayeieleza bidhaa ilivyo anafanya biashara halali; anayeiita "sufu tupu" anamwibia mteja, na mchuuzi aliyeinunua kwa jumla ndiye atakayerudishiwa mzigo.

Hata hivyo, si kila mara uzi wa ndani huchaguliwa kwa sababu ya bei. Sufu huwasha ngozi ya wengi, hivyo pamba kwa ndani humfaa mtoto. Katika nguo za michezo na za kazi nzito, poliesta huwekwa ndani makusudi. Katika hali ya kawaida ya hewa, pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, sufu karibu asilimia 16, na poliesta haifikii hata asilimia 1. Kwa kuwa poliesta hainywi jasho, jasho hupenya hadi kwenye pamba ya nje, likatandaa na kukauka. Mwili haukai na nguo iliyoloa.

Kuipima hakuhitaji maabara. Mnunuzi achomoe uzi mfupi kwenye mshono wa ndani. Nyuzi mbili zikitoka pamoja, azitenganishe, kisha achome kila moja peke yake juu ya sahani ya bati, akiishika kwa koleo ndogo. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu huwaka kwa kusuasua, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake husagika kwa vidole. Akriliki na poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu. Tone lake huunguza vibaya, lisiguswe likiwa la moto. Harufu ya nywele pamoja na donge gumu katika uzi mmoja ni dalili kwamba uzi wenyewe umechanganywa kiwandani.

Fundi naye ana mitihani yake. Uzi mmoja ukikazwa kuliko mwenzake, au sindano ikiwa imechakaa, uzi wa ndani huanza kuchungulia nje. Nyuzi za rangi moja huficha aibu hiyo. Nyeusi juu ya nyeupe huitangaza. Kubwa zaidi ni kusinyaa. Pamba inaweza kurudi baada ya kufuliwa huku poliesta ikibaki ilivyo, na sufu ikitiwa maji ya moto na kusuguliwa hushikamana na kuwa nzito kama blanketi. Upande mmoja ukirudi na mwingine ukakataa, kitambaa hujikunja na kufanya mawimbi.

Kabla ya kupokea oda ya shule nzima, ni nafuu kufuma kipande cha sentimita 20 kwa 20, kukifua mara 3 kama mama wa nyumbani anavyofua, kukianika, kisha kukipima upya kwa futi.