Simu haipatikani, si mama hapatikani

Jumamosi, Mei 4, 2024, mtu wa kisiwa cha Mafia aliyekuwa Dar es Salaam hakuwa na namna ya kurudi kwao. Kimbunga Hidaya kilikuwa kinasogea kutoka Bahari ya Hindi, vyombo vya majini vimesimamishwa, na hata angefika bandari ya Nyamisati asingepata boti ya kumvusha hadi Kilindoni. Kilichobaki mkononi ni simu. Na yeyote aliyewahi kusubiri habari za ndugu kwa simu anamjua yule dada wa mtandao asiyechoka: "Namba ya simu unayopiga haipatikani kwa sasa."

Msikilize vizuri. Hajasema mama hapatikani. Amesema namba haipatikani. Tofauti ni herufi moja, "i", lakini usiku wa kimbunga sikio husikia haipatikani, moyo ukasikia hapatikani. Herufi hiyo inapotea vipi, na kupotea kwake kunamfanya nini anayesubiri?

Kinachokatika kwanza

Mnara wa simu unakula umeme. Umeme ukikatika, unaendeshwa na betri ambazo kwa kawaida hudumu saa chache, au na jenereta ambayo mafuta yake nayo yana mwisho. Minara huunganishwa kwa nyaya zinazopita ardhini au juu ya nguzo, ama kwa zile sahani za duara zinazotazamana kutoka mnara hadi mnara. Upepo ukiigeuza sahani kidogo tu, haionani tena na mwenzake. Mafuriko yakizoa daraja, huzoa na waya uliopita hapo. Hivyo basi nyumba ya mama inaweza kuwa imesimama, naye amekaa ndani anasikiliza mvua, lakini mawasiliano hakuna.

Puerto Rico ilionyesha jambo hili kwa ukubwa wake. Kimbunga Maria kilipopiga kisiwa hicho Septemba 20, 2017, zaidi ya asilimia 95 ya minara ya simu ilizimika. Kisiwa cha watu zaidi ya milioni 3 kikanyamaza karibu chote, huku jamaa zao walioko New York na Florida wakipiga simu siku baada ya siku bila jibu. Karibu na kwetu, Desemba 14, 2024, Kimbunga Chido kilikipiga kisiwa cha Mayotte, na ndugu za wakazi wake walioko Komoro, Réunion na Ufaransa wakakaa siku kadhaa bila kujua nani yuko wapi. Watu walikufa katika visiwa hivyo viwili, na wengi walipoteza nyumba. Lakini walionyamaza kwenye simu walikuwa wengi mno kuliko waliopotea. Ukimya ulikuwa habari ya minara.

Kwa nini kutojua kunatesa

Mwaka 2016, watafiti wa chuo kikuu cha University College London waliwakalisha watu 45 mbele ya mchezo wa kompyuta. Walitakiwa kukisia kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akitokea, mchezaji anapigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Ungedhani waliokuwa na hakika ya kupigwa ndio wangehangaika zaidi. Haikuwa hivyo. Jasho na mboni za macho vilionyesha kwamba msongo ulifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Kujua kwamba shoti inakuja kulikuwa nafuu kuliko kutojua.

Anayesubiri simu yuko kwenye nusu kwa nusu hiyo, usiku kucha. Ubongo ukihisi hatari huamrisha tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, presha hupanda, ini hutoa sukari kwenye damu, tumbo hupunguza kazi, usingizi hukimbia. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia. Lakini aliyeko Dar es Salaam atapigana na nani? Maandalizi yote yanabaki ndani yake yakichemka, na kwa mwenye presha au kisukari hayo si mambo ya kupuuza. Usiku wa namna hii ndipo dawa husahaulika na chakula huachwa mezani.

Kisha kuna simu yenyewe. Baada ya mabomu ya mbio za Boston mwaka 2013, watafiti waligundua kwamba waliotazama habari za tukio hilo kwa saa sita au zaidi kwa siku waliripoti msongo mkali kuliko hata waliokuwa eneo la tukio. Kwenye makundi ya WhatsApp hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa video ya paa linaloruka haiji na tarehe. Unaweza kulilia nyumba ya Kilwa kumbe unatazama Beira, Msumbiji, ya mwaka 2019.

Wala kuzoea hakusaidii. Utafiti uliofuatilia wakazi wa Florida katika vimbunga vya Irma na Michael, mwaka 2017 na 2018, ulikuta kwamba kupitia kimbunga baada ya kingine hakumkomazi mtu. Kila kimoja humkuta mwepesi zaidi kuumia.

Hatari inayochelewa

Hofu huwahi kufika, na mara nyingi huondoka mapema kuliko hatari. Serikali ya Puerto Rico ilihesabu kwanza vifo 64 vya Maria. Uchunguzi uliotolewa Agosti 2018 ukakadiria vifo 2,975 katika kipindi cha takriban miezi sita. Wengi hawakuuawa na upepo. Kisiwa kilikaa miezi bila umeme katika maeneo mengi, na bila umeme mashine za oksijeni hazifanyi kazi, insulini haipati ubaridi, na mgonjwa wa figo hasafishwi damu. Huko Beira na wilaya jirani, Kimbunga Idai cha Machi 2019 kilifuatiwa na kipindupindu, na zaidi ya watu 800,000 wakapewa chanjo.

Maana yake ni kwamba wasiwasi wetu, tukiutumia wote usiku wa upepo, unaisha kabla ya siku zinazouhitaji.

Kuupa wasiwasi kazi

Kazi ya kwanza hufanywa kabla ya kimbunga, simu zikiwa bado zinaita. Muulize mzee atalala wapi. Maji huua watu wengi kuliko upepo, kwa hiyo anayeishi bondeni, kando ya mto au ufukweni ahame mapema. Hakikisha ana dawa za wiki mbili, maji safi na chaji. Akiwa na jenereta, iwashwe nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Kazi ya pili ni kuchagua ndugu mmoja awe mpokeaji wa habari. Shangazi wa Dodoma, mathalani. Mtu aliye kwenye kimbunga atume meseji moja kwake, naye aisambaze. Watu ishirini wakimpigia bibi mmoja watamaliza chaji ambayo hana pa kuirudisha. Tena meseji ya kawaida ni mvumilivu: hupenya kwenye mtandao dhaifu, na simu ya mpokeaji ikiwa haipo hewani, mtandao huihifadhi kwa muda na kuijaribu tena.

Kazi ya tatu ni kupanga saa za kusikiliza. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa hazibadiliki kila dakika. Soma ya asubuhi na ya jioni, kisha weka simu chini. Ukitazama ramani, kumbuka kwamba ule ukanda unaopanuka kuelekea mbele unaonyesha kiini cha kimbunga kinaweza kupita wapi. Hausemi kimbunga ni kikubwa kiasi gani, wala hausemi kwamba aliye nje ya ukanda hatapata mvua na upepo.

Na wewe mwenyewe kula, meza dawa zako, kaa na watu. Moyo ukikubana kifuani au pumzi ikikataa, nenda hospitali usiku huohuo. Ikiwa wiki kadhaa zimepita, ndugu wameshapatikana, na bado hulali au unashtuka kila mvua ikigonga bati, hapo pia zungumza na daktari.

Hidaya kilipoteza nguvu kilipoingia Mafia siku ileile ya Mei 4. Kusini mwa kisiwa hicho, mafuriko yaliikata barabara ya Lindi kwa siku kadhaa, na wenye ndugu huko walisubiri baada ya upepo kutulia.

Siku simu itakapoita na mama akapokea, utalia kidogo, naye atakucheka. Mwache acheke. Kisha, kabla chaji haijaisha, muulize: maji mnachota wapi, na vidonge vya presha vimebaki vingapi?