Chama Kidogo, Kesi Kubwa: Mchungaji Mtikila na Swali la Mgombea Binafsi



Kila unapokaribia uchaguzi wa serikali za mitaa, swali moja hunifikia kutoka katika jumuiya ndogo ndogo: "Padre, mzee wetu huyu anaaminiwa na kijiji kizima, ila hana chama wala hataki chama. Je, hawezi kugombea uenyekiti?" Jibu la kisheria ni fupi: hawezi. Mgombea sharti awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe nacho. Ila historia ya sharti hilo ni ndefu, nayo inapitia katika chama ambacho huenda wengi wenu hamjapata kuiona hata bendera yake.

Ni Democratic Party, yaani DP, cha marehemu Mchungaji Christopher Mtikila. Kilikuwa chama kidogo na, kwa namna yake, cha kihafidhina: kilitaka ya kale yarudi, hasa Tanganyika iliyokuwapo kabla ya Muungano wa 1964. Msimamo huo ulikikosesha usajili. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inadai wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, Unguja na Pemba zikiwamo. Tena haikubali chama cha dini moja, cha kabila moja, wala chenye lengo la kuuvunja Muungano. (Wale wanaouliza kwa nini hakuna chama cha Wakatoliki, jibu ni hilo.) DP kilisajiliwa mwaka 2002. Mwaka 2005 Mchungaji aligombea urais, akapata asilimia 0.27 ya kura.

Kwa hesabu ya kura, basi, hakuna la kusimulia. Lakini mwaka 1993, chama chake kikiwa bado hakijasajiliwa, Mtikila alifungua kesi katika Mahakama Kuu, Dodoma, kwa majirani zetu, akidai raia aruhusiwe kugombea bila chama. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alikubaliana naye. Mwaka huo huo Bunge likarekebisha Katiba na kulizima dai hilo. Mtikila akarudi mahakamani mwaka 2005. Mahakama Kuu ikampa haki tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2010, ikisema suala hilo ni la kisiasa na ni la Bunge kuamua. Hapo akaenda Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ilitamka kwamba Tanzania imekiuka haki ya raia kushiriki katika utawala wa nchi yake na uhuru wake wa kujiunga, au kutojiunga, na wenzake.

Wala si jambo geni kwetu. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipoteza kiti kimoja tu kati ya 71: Mbulu, ambako Herman Sarwatt, mwana-TANU, aliwania kama mgombea binafsi akamshinda mgombea rasmi wa chama. Mlango ule ulifungwa na katiba ya chama kimoja ya 1965.

Kanisa halina chama, nami kama padre nazuiwa na kanuni ya 287 kushiriki kwa vitendo katika vyama. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 75, unasisitiza kwamba raia wote wapewe nafasi halisi ya kushiriki katika maisha ya siasa. Wapo wanaosema kwamba mgombea asiye na chama hana wa kumwajibisha, na kwamba tajiri angeweza kujinunulia kiti. Hoja hiyo ina uzito. Mimi naona inadai masharti makini kwa mgombea binafsi. Haitoshi kumfungia mlango kabisa.

Nisieleweke kwamba namsifia Mchungaji kwa yote. Majukwaani aliwaita wafanyabiashara wenye asili ya Asia "magabacholi", na maneno ya namna hiyo yanamvunjia heshima mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Mkristo aliyekuwa akimshangilia kwa maneno hayo alikosea, hata kama kesi yake ilikuwa ya haki. Mtu mmoja, chama kimoja, na ndani yake ngano pamoja na magugu.

Mtikila alifariki katika ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Ibara za 39 na 67 za Katiba bado zinadai udhamini wa chama kwa urais na ubunge, na sheria za uchaguzi wa serikali za mitaa zinadai vivyo hivyo. Yule mzee wa jumuiya, akitaka uenyekiti wa kijiji, bado itambidi aanzie katika ofisi ya chama.