Bibi, Tafuta Cheti cha Kifo Sasa

Bibi anayeanika dagaa Kibirizi, kando ya mji wa Kigoma, huishi kwa kalenda mbili. Moja ni ya ziwa: mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika, kwa kuwa dagaa huifuata taa gizani. Nyingine ni ya shule. Masomo huanza Januari, mvua zimekolea, dagaa hawakauki. Mjukuu yatima anadai viatu wakati ule ule mfuko wa bibi ni mtupu. Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Sare na madaftari bado ni mzigo wake.

Pensheni ya uzee ingempunguzia mzigo huo. Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016. Bara hatujafika huko, na naona tumechelewa.

Lakini lipo jambo lisilongoja pensheni: cheti cha kifo cha mzazi. Matanga yakianuliwa, jamaa hutawanyika, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kuandikisha kifo. Sheria inataka kiandikishwe ndani ya siku 30. Muda ukipita bado inawezekana, ila mlolongo hurefuka.

Cheti hicho kina kazi kubwa mbili. Kwanza, mirathi. Mahakama ya mwanzo hukihitaji, pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo, ili imthibitishe msimamizi. Asipokuwepo msimamizi, mtumbwi, nyavu na kiwanja cha marehemu huangukia mikononi mwa mwenye sauti kubwa, ilhali Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto haki ya kufaidi mali ya mzazi wake. Pili, chuo. Yatima akiomba mkopo Bodi ya Mikopo, hutakiwa kuonyesha vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mtoto wa darasa la kwanza leo atavihitaji miaka zaidi ya kumi ijayo, pengine bibi mwenyewe, shahidi wa yote, ameshatangulia.

Aliyefia hospitali, ulizia karatasi zake huko huko. Aliyefia nyumbani, anzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, kisha ofisi ya RITA ya wilaya. Wewe uliye jirani na unayejua kusoma, mshike bibi mkono mwende pamoja wiki hii.