Hewa kwa Kadiri ya Pafu Lililobaki

Wagonjwa waliokuwa na oksijeni nyingi zaidi kwenye damu ndio waliokufa kwa wingi. Hayo yalitokea katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, wa watu 861 waliokuwa ICU wakisaidiwa na mashine kupumua kwa sababu ya hali ambayo madaktari huiita ARDS. Kundi moja lilianzishiwa pumzi ya mililita 12 kwa kila kilo, kiwango kilichozoeleka wakati huo. Kundi la pili lilipewa mililita 6. Siku za mwanzo pumzi kubwa ilionekana kushinda, maana oksijeni ilipanda na kila aliyetazama skrini aliridhika. Lakini katika kundi hilo walikufa asilimia 39.8, na katika kundi la pumzi ndogo asilimia 31. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa jibu lilikwisha kujulikana.

ARDS haina kijidudu chake maalumu. Mtu hufikishwa huko na nimonia, maambukizi yaliyoenea kwenye damu, kongosho kuvimba, majeraha makubwa au UVIKO-19. Ukuta mwembamba unaotenganisha damu na hewa huanza kuvuja, vifuko vya hewa hujaa majimaji, vingine husinyaa na kufunga.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa pafu la namna hii limekakamaa lote, na kwamba lazima lisukumwe kwa nguvu. Picha za CT za miaka ya 1980, hasa kazi ya Luciano Gattinoni na wenzake nchini Italia, zilionyesha mambo mengine. Kwa mgonjwa aliyelala chali, sehemu ya mgongoni imejaa na kufunga, ilhali ya mbele bado inapokea hewa na kunyumbuka karibu kama kawaida. Katika hali mbaya, kinachobaki kinalingana na mapafu ya mtoto wa miaka 5 au 6. Kukipa pumzi ya mtu mzima ni kumimina pishi ndani ya kibaba. Vifuko vizima hutanuka kupita kiasi na kuchanika pasipo kuonekana kwa macho, kisha kemikali za uvimbe huingia kwenye damu na kwenda kuumiza figo na viungo vingine. Wengi wa wagonjwa hawa huuawa na viungo kushindwa kimoja baada ya kingine, si na upungufu wa oksijeni peke yake.

Hizo kilo zinazopigiwa hesabu si za kwenye mizani. Mtu akinenepa mapafu yake hayaongezeki. Ukubwa wake hufuata kimo na jinsia. Kwa hiyo kifaa cha kwanza ninachokitaka kando ya kitanda ni utepe wa kupimia. Mwanamke mwenye kimo cha sentimita 155, hata akiwa na kilo 90, huhesabiwa kilo 48 hivi, na pumzi yake ni mililita 290 kasoro kidogo. Akiwekewa 500 kwa mazoea, anapata zaidi ya mililita 10 kwa kilo. Wanawake wafupi ndio wanaoonewa zaidi na mazoea haya.

Sasa shinikizo la hewa inayosukumwa na mashine, ambalo hupimwa kwa sentimita za maji. Namba ya juu kabisa inayotokea kwenye skrini haitoshi kutuambia vifuko vinabeba nini, kwa kuwa sehemu yake huishia kusukuma hewa kwenye mrija na njia za hewa. Bonyeza kitufe cha kusitisha pumzi inapoisha kuingia, kwa nusu sekunde hivi. Hewa inasimama, mstari unashuka kidogo, unatulia. Pale ulipotulia ndipo tunaposoma, na tunataka pasizidi 30.

Mashine pia huacha shinikizo fulani pumzi inapotoka, ili vifuko visifunge. Toa hilo kwenye lile la kutulia: 28 toa 10 ni 18, 28 toa 14 ni 14. Mwaka 2015 Marcelo Amato wa Brazil na wenzake walichambua upya takwimu za wagonjwa 3,562 kutoka tafiti 9, wakakuta kuwa tofauti hii ndiyo iliyofuatana na vifo zaidi ya kipimo kingine chochote cha mashine. Ilipopanda kwa sentimita 7 hivi, hatari ya kufa iliongezeka kwa asilimia 41. Mimi huitazama kila zamu, ingawa kuambatana na vifo si ushahidi kwamba kuishusha kunaokoa.

Tahadhari hiyo ina sababu. Mwaka 2017 utafiti mwingine ulioongozwa na Wabrazili, wenye wagonjwa 1,010, ulijaribu kuvifungua vifuko vilivyofunga kwa shinikizo kubwa la muda mfupi. Kwenye makaratasi wazo lilipendeza. Ndani ya siku 28 walikufa asilimia 55.3, dhidi ya 49.3 waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Kinyume chake, kumlaza mgonjwa kifudifudi walau saa 16 kwa siku, jambo lisilohitaji zaidi ya mikono ya wauguzi, kulipunguza vifo kwa nusu katika utafiti wa Wafaransa wa 2013.

Uchunguzi uliofanyika katika nchi 50 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa shinikizo la kutulia lilipimwa kwa wagonjwa wa ARDS 4 tu kati ya 10. Kitufe kilikuwapo kwenye mashine.